UZI MAALUMU: Kumiliki pikipiki ya spoti Mtwara na Lindi – chumvi, mchanga, cheni, tairi na mafundi wa kubahatisha

#1 Mtu_wa_Shangani

Wakuu, habari za jioni. Maswali kuhusu pikipiki za spoti huku kusini yamekuwa mengi, na majibu mengi yanatoka kwa watu wa Dar ambao maduka yao, mafundi wao na hewa yao si ya kwetu. Tuweke mambo sehemu moja. Nazungumzia zile zenye kava za plastiki mwili mzima, usukani wa chini na injini inayopozwa kwa maji: Ninja 250, 300 na 400, CBR, R6, GSX-R na jamaa zake.

Wengi wanadhani barabara ndiyo inayoziua. Si kweli. Injini hizi ni ngumu, na lami ya Mtwara–Masasi inapitika. Zinauawa na hewa ya bahari, mchanga, na kuhudumiwa kama bodaboda.

Naanza na chumvi. Ukikaa Shangani, Mikindani au Lindi mjini kule karibu na maji, pikipiki inakula chumvi hata ikiwa imeegeshwa. Kusi ikishachanganya, mwezi wa 6 na wa 7, pitisha kidole kwenye tanki asubuhi ukilambe, jibu utalipata. Na haianzi kuharibu pale unapopaona. Inaanzia ndani ya soketi za umeme, kwenye bolti za diski, kwenye pistoni za kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki), na kwenye zile bomba za shokapu za mbele zinazong'aa. Bomba likipata kidoa kidogo cha kutu mahali sili (mpira unaozuia oili kuvuja) inapopita, kila ukibonyea kwenye tuta sili inachanika kidogo kidogo, halafu oili inaanza kushuka mpaka kwenye kalipa na pedi. Tatizo lilikuwa kutu, sasa limekuwa breki.

Dawa yake ni maji baridi yasiyo na chumvi, ndoo na sponji. Mara moja kwa wiki kwa anayekaa ufukweni, na siku hiyohiyo ukitoka Msimbati. Zile mashine za kuoshea magari zisielekezwe kwenye beringi za magurudumu, cheni, rejeta wala nyuma ya dashibodi, maana presha inasukuma maji kupita sili na kutoa grisi. Ukimaliza kuosha, zunguka mtaa mmoja huku ukigusa breki ili diski zikauke, kisha futa bomba za shokapu kwa kitambaa chenye oili kidogo sana. Diski na pedi zisiguswe na oili ya aina yoyote.

Soketi zishughulikiwe mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za Desemba. Toa siti, nyanyua tanki, fungua kila soketi unayoifikia, pulizia dawa ya kusafishia umeme, acha ikauke, paka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele, funga. Anza na soketi ya reguleta (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri) kwa sababu ndiyo inayobeba umeme mwingi. Ukikuta plastiki yake imegeuka kahawia, imeshaanza kuungua. Kata, weka soketi mpya.

Wengine ongezeni.

#2 Korosho_Express

Uzi umekuja wakati wake mkuu. Naomba ufafanuzi kwenye cheni. Mafundi wengi wa mtaani wanaiosha kwa petroli, wanapaka oili chafu iliyotoka kwenye injini, basi. Ukiuliza wanakwambia cheni ni cheni tu.

#3 Fundi_wa_Majengo

Hao wanaua cheni ya hela nyingi kwa kazi ya bure.

Cheni ya bodaboda nyingi ni saizi 428 isiyo na mpira. Hizi ni 520 au 525, na kila pini ina vipete vya mpira vinavyofungia grisi iliyowekwa kiwandani. Petroli inavikausha mpaka vinapasuka, brashi ya waya inavikata. Kipete kikishakufa grisi inatoka, maji ya chumvi yanaingia, pini inasagika. Cheni kama hiyo utaijua: baadhi ya pingili zinakataa kukunjuka, na ukizungusha tairi kwa mkono cheni inakaza hapa, inalegea pale. Na oili chafu ina unga wa chuma na masizi, unapaka msasa.

Fanya hivi:

Nyanyua tairi la nyuma kwa stendi, gia huru, injini imezimwa. Kuna mtindo wa kuweka gia ya kwanza ili cheni ijizungushe yenyewe wakati wa kupaka. Usiuige, sproketi ya nyuma inakata kidole kabla hujajua.

Chukua mafuta ya taa, nusu kikombe cha chai inatosha, na brashi laini ya nailoni. Sugua pande zote nne, futa kwa kitambaa mpaka kitoke bila weusi, subiri kama robo saa.

Paka oili ya gia, SAE 90 au 80W-90, kwa upande wa ndani wa cheni ya chini, pale vipete vilipo na juu ya roli. Ikizunguka inasukumwa nje yenyewe. Iache usiku mzima, asubuhi futa inayong'aa juu. Ukiacha imelowa, mchanga wote wa njia ya Naliendele utahamia kwako.

Kwenye lami, kila kilomita 500 hivi. Ukipigwa na mvua au ukipita mchanga, siku hiyohiyo.

Kuhusu kukaza: pima katikati ya cheni ya chini, sukuma juu na chini kwa kidole, uone inacheza milimita ngapi. Ninja 300 ni 20 hadi 30. Nyingine zina kipimo chake, kimeandikwa kwenye stika karibu na cheni au kwenye kitabu, fuata hicho. Zungusha tairi upime sehemu nne tano, na kipimo chako kiwe cha pale ilipokaza zaidi. Wengi wanakosea kwa kukaza mno wakidhani ndiyo usalama. Ukimpakia mtu ukaingia kwenye shimo, mkono wa tairi la nyuma unapanda, cheni inavutika, na isipokuwa na nafasi inavuta shafti ya gia na beringi yake. Kubadili beringi hiyo ni kupasua injini.

Alama za kulinganisha tairi kulia na kushoto huwa hazikubaliani sawasawa. Pima kwa futi kutoka katikati ya bolti ya mkono wa nyuma mpaka katikati ya akseli, pande zote mbili. Nati ya akseli kwa nyingi inakazwa kwa nguvu ya karibu Nm 100. Angalia kitabu, tumia spana ya kupimia nguvu. Kusimama juu ya spana si kipimo.

Kujua kama imekwisha: vuta cheni ikaze, pima pingili 20 kutoka pini mpaka pini. Ikiwa mpya ni milimita 317.5, iwe 520 au 525. Ikifika 323 badilisha, pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya sproketi zilizochongoka haitadumu.

#4 Mtoto_wa_Mikindani

Nachukua nafasi ya mbele kabisa, endeleeni.

#5 Dada_wa_Ligula

Fundi umesema yote ya cheni. Mie niongezee matuta, kwa sababu kuanzia Mikindani mpaka Mnazi Mmoja, halafu Mtama, Nyangao, Ndanda, kila kijiji kina yake na mengine hayana rangi.

Pikipiki hizi zina nafasi ya milimita 130 hadi 140 chini ya tumbo. R6 za kuanzia 2006 zina silensa yenyewe huko chini, kwa hiyo tuta likigusa linagusa egzosi. Kosa la kawaida ni kushika breki ya mbele mpaka juu ya tuta. Breki inakandamiza shokapu, pua inashuka, tumbo nalo linashuka. Punguza mwendo mapema, achia breki kabla tairi halijagusa, simama kidogo kwenye vikanyagio magoti yakiwa yamekunjwa, vuka moja kwa moja. Kuvuka kiubavu kama gari ya chini hakusaidii kitu kwenye magurudumu mawili, na tuta likiwa na mchanga unaangukia ubavu.

Shokapu: watu wanalegeza springi ili pikipiki iwe laini. Ukilegeza springi pikipiki nzima inashuka na tumbo linagonga mapema zaidi. Kwanza pima inavyozama. Funga kamba ya plastiki kwenye bomba la shokapu, nyanyua pua mpaka tairi lielee, sukuma kamba ikae kwenye sili. Shusha taratibu, panda na vaa kila unachovaa safarini, mtu akushikilie wima, shuka bila kubonyeza, nyanyua tena pua, pima umbali kati ya sili na kamba. Milimita 30 hadi 40 ni sawa kwa barabarani. Ikizidi kaza springi, ikipungua legeza. Ukishapata hapo na bado inakurusha, ndipo uguse skrubu ya ugumu wa kubonyea, kuzungusha robo kwa robo. Ninja 300 haina skrubu hizo mbele, kwake ni oili ya shokapu tu.

Mikono ikifa ganzi, kosa huwa ni kuegemea usukani. Bana tanki kwa magoti, tumbo na mgongo vibebe kifua, viwiko vilegee. Na levi za breki na klachi zishushwe zifuate mstari wa mkono. Nyingi zinatoka dukani zimeelekea juu mno.

#6 Zito_Nyangao

Kwenye mchanga punguza upepo mpaka 15 psi, utapita kama unateleza. Njia ya Msimbati haina ujanja mwingine.

#7 Mtu_wa_Shangani

Hapana mkuu, hapo napinga. Hiyo ni ya tairi lenye tyubu na rimu ya spoki. Tairi la inchi 17 la tyublesi (lisilo na tyubu) linashikiliwa kwenye rimu na upepo wenyewe. Ukilishusha mpaka 15 ukagonga mzizi au jiwe lililojificha mchangani, ukingo unaachia rimu, upepo wote unatoka mara moja, na rimu ya aluminiamu inapinda. Likishaachia rimu huko mchangani, kulijaza tena lazima kompresa.

Za 600 nyingi ni 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa la baridi. Ninja 300 na 400 ni 28 na 32. Mchanga ukikulazimu, shusha psi 4 au 5 tu, nenda polepole, ukirudi lami jaza. Mchanga mwingi wa kina pikipiki ya spoti haipaswi kuingia, tusidanganyane. Acha lami inapoishia.

Nunua geji yako mwenyewe. Geji za sheli zinatofautiana mpaka psi 5 baina ya moja na nyingine.

#8 Zito_Nyangao

Sawa mkuu, nimeelewa. Na pancha je? Huku mafundi pancha wote wanataka kuweka tyubu.

#9 Fundi_wa_Majengo

Tyubu ndani ya tyublesi ni ya kukufikisha nyumbani kwa mwendo wa baiskeli, si ya kutembelea. Inasuguana na ndani ya tairi, inapata joto, na ikitoboka inaisha upepo kwa sekunde. Tairi lisilo na tyubu likitoboka na msumari linatoa upepo kidogo kidogo.

Beba uzi wa kuzibia, ile kamba nene yenye lami, pamoja na bisibisi ya kutoboa, sindano ya kuingizia kamba, gundi na pampu ndogo ya betri. Zungushia chaki pale msumari ulipo, uangalie umeingia kwa mwelekeo gani kabla ya kuung'oa. Ingiza bisibisi kwa mwelekeo uleule, zungusha mara kadhaa. Pitisha kamba kwenye jicho la sindano, paka gundi, sukuma mpaka ibaki sentimita moja na nusu nje, chomoa sindano kwa mkupuo. Kata ziada. Jaza, mwagia maji ya sabuni, ona kama kuna mapovu.

Tundu likizidi milimita 6, au likiwa ubavuni, usizibe, tairi limekufa. Lililozibwa kwa kamba usilikimbize, na ukifika mjini lifunguliwe lipigwe kiraka cha ndani chenye shina.

Kwenye kufungua ndipo rimu zinapoharibika. Fundi wa magurudumu ya bodaboda analaza tairi chini na diski ikiwa ndiyo inayogusa ardhi, anapanda juu yake. Diski ikipinda kidogo tu, levi ya breki inaanza kudunda mkononi. Lazimisha alilaze juu ya tairi kuukuu ili diski ining'inie. Halafu kata vipande viwili vya dumu la plastiki la lita 5, upana wa vidole vinne, uvikunje kwenye ukingo wa rimu kabla ya kuingiza vyuma vya kufungulia. Paka sabuni ya maji ukingo mzima. Mshale wa tairi uelekee mbele. Vali ya mpira ibadilishwe kila unapobadili tairi, ikipasuka shinani inatoa upepo pikipiki ikiwa mbioni.

Na msikimbilie tairi za mitumba kwa kuwa ganda bado nene. Angalia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lililokaa kwenye joto linakuwa gumu hata kama halijaisha, na mvua ya kwanza juu ya lami yenye vumbi itakuonyesha.

#10 Mwana_Mtanda

Naomba msaada wa haraka. Pikipiki ya jirani imelala chini ikiwa imesimama tu, stendi imezama mchangani. Imenyanyuliwa, stata inazunguka vizuri ila haiwaki. Plagi zinatolewa sasa hivi.

#11 Dada_wa_Ligula

Waambie waache plagi! Nyingi za aina hii zina sensa inayozima injini pikipiki ikilala. Haijirudishi yenyewe. Zima swichi ya ufunguo, subiri kidogo, washa tena, sikiliza pampu ya mafuta: inatakiwa kunguruma kwa sekunde 2 au 3 kisha inyamaze. Ikinguruma, piga stata bila kugusa gesi. Angalia pia swichi nyekundu ya kuzimia kulia, mara nyingi inaguswa wakati wa kunyanyua.

#12 Mwana_Mtanda

Imewaka. Asante dada, fundi alishaanza kutaka hela ya koili.

#13 Fundi_wa_Majengo

Ongeza na hii: ikiwaka kwenye gia huru, ukiweka gia ya kwanza inazima, ni swichi ya stendi ya pembeni. Iko chini, inapigwa na mchanga na maji ya chumvi, pini yake inakwama. Safisha kwa dawa ya kupulizia, ibonyeze mara nyingi mpaka icheze. Wapo wanaoikata na kuunga waya. Ukisahau stendi chini ukakata kona ya kushoto, itagusa lami kabla yako.

Na kwa stendi kuzama, beba kipande cha ubao au kopo lililobondwa, basi.

#14 Korosho_Express

Umeme sasa. Betri zinakufa mapema sana huku.

#15 Mtu_wa_Shangani

Kabla ya kununua betri, pima. Mita ya bei ndogo ya dukani inatosha.

Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha: volti 12.7 au 12.8 betri imejaa. 12.4 inahitaji chaji. Chini ya 12 ikae kwenye chaja ndogo, halafu ipimwe tena kesho yake. Ukiwasha na kupandisha mpaka mizunguko 5,000, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, kuchaji hakuna. Ikipita 15, reguleta imekufa na itachemsha betri mpya utakayonunua.

Kama haichaji, chomoa soketi ya nyaya tatu zinazofanana rangi zinazotoka kwenye stata ya kuchajia (koili zinazozalisha umeme, si ile stata ya kuwashia). Mita weka kwenye umeme wa AC, injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000, pima waya wa 1 na 2, 2 na 3, 1 na 3. Namba zote tatu ziwe karibu sawa. Moja ikiwa chini sana, koili imeungua. Zima injini, pima kila waya na bodi: pasiwe na mawasiliano kabisa. Zote zikiwa nzima, mshitakiwa ni reguleta au ile soketi yake ya kahawia niliyoitaja juu.

Kinachoua betri nyingi nzima ni alamu za kufunga wenyewe, zinavuta umeme usiku na mchana. Pikipiki isipotembea wiki mbili, chomoa waya wa hasi. Na ukiambiwa betri ya bodaboda itaingia kwa kuiwekea sponji, kataa. Inaweza kuingia, ila nguvu ya kugeuza silinda nne haina.

#16 Mtoto_wa_Mikindani

Oili gani mnatumia? Na ni kweli maji ya kisima yanaweza kwenye rejeta?

#17 Fundi_wa_Majengo

Oili: 10W-40 yenye maandishi JASO MA au MA2 mgongoni mwa kopo. Klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inafanya klachi iteleze: mizunguko inapanda, mwendo haupandi. Za 250 hadi 400 hazifiki lita 2 na nusu, za 600 nyingi ni kati ya 2 na nusu na 3, angalia kitabu. Usinunue kopo la lita 4 ukamimina lote kwa kuwa umeshalilipia. Ikizidi inapanda mpaka kwenye boksi la filta ya hewa. Pasha injini, zima, subiri dakika 3, simamisha wima, angalia kwenye kioo. Washa (ile pete) ya bolti ya kumwagia oili ibadilishwe kila mara. Bolti hiyo inaingia kwenye aluminiamu, ukiikaza kwa hasira unatoa nyuzi.

Vitabu vingi vinasema filta ya hewa ikaguliwe kwa kilomita nyingi tu, ila vimeandikwa kwa lami safi. Msimu wa korosho, malori yakitimua vumbi, ifungue kila ukimwaga oili.

Maji ya kisima: hapana, visima vyetu vingi vina chumvichumvi. Ndani ya rejeta ni aluminiamu, itakula na kuacha ukoko kwenye mirija membamba. Weka kulanti iliyokwisha changanywa, au nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa yale ya betri. Siyo asidi ya betri, nasisitiza kwa sababu chupa zinafanana. Badili kila baada ya miaka 2.

Joto likipanda foleni ya minadani au mjini, feni isipozunguka, angalia fyuzi yake na soketi kwanza. Ikizunguka na joto linapanda bado, chungulia rejeta kwa mbele: wadudu na matope. Toa kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele, ukipiga kwa nguvu mapezi yanalala. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto, kina presha.

#18 Bahari_Hindi

Wote mmesahau oili ya breki. DOT 4 inafyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ni unyevu mtupu. Wengi wanasema miaka 2, kwa pwani naona mwaka mmoja. Ikiwa rangi ya chai ya rangi, imechelewa.

Funika tanki na kava kwa kitambaa kilicholowa, maana oili hii inabandua rangi. Vuta oili chafu kwenye kikopo cha juu, jaza mpya. Chomeka mpira mwembamba kwenye nipo ya kalipa, ncha nyingine kwenye chupa yenye oili kidogo. Bonyeza levi ushikilie, legeza nipo robo mzunguko, kaza kabla ya kuachia levi. Rudia mpaka itoke safi bila povu. Kikopo kisishuke chini ya alama, kikishuka umeingiza upepo unaanza upya. Kama kalipa za mbele ni mbili, fanya zote. Chupa iliyokaa wazi kabatini tangu mwaka jana usiitumie.

Pistoni zikikwama kwa chumvi, utaona tairi halizunguki huru baada ya kuachia breki. Toa pedi, bonyeza levi taratibu pistoni zitoke kidogo, sugua kwa mswaki na maji ya sabuni, futa, rudisha kwa mkono. Ukizirudisha na uchafu wake unachana sili.

#19 Zito_Nyangao

Safari ya Dar inawezekana kwa siku moja?

#20 Mtu_wa_Shangani

Kama kilomita 560, inawezekana ukiondoka alfajiri ili uingie mchana. Usiku sahau: mbuzi, baiskeli zisizo na taa, na malori mabovu yaliyowekewa matawi tu barabarani kama alama. Tawi ukiliona, lori liko mbele yako.

Hesabu ya mafuta: tanki la lita 17, taa ya akiba inawaka zikibaki kama 3 na nusu. Kwa kilomita 16 kwa lita, una kama kilomita 216 kabla ya taa. Jaza Lindi, jaza Nangurukuru, jaza Ikwiriri au Kibiti hata kama bado unayo. Lori la mafuta likiwa linashusha, pita sheli nyingine au subiri, takataka za chini ya tanki zinakuwa zimetibuliwa. Ya chupa za vijijini iwe ya dharura: simamisha chupa kwenye mwanga dakika tano, maji yatakaa chini kama tone linalotembea. Mimina taratibu, mwisho wa chupa mwaga.

Wakati wa mvua uliza kwanza. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara upande wa Kilwa, na michepuko ya matope si ya tairi laini za spoti.

#21 Korosho_Express

Mafundi wa injini wako wapi? Taa ya injini ikiwaka nani anasoma?

#22 Fundi_wa_Majengo

CBR zenye mfumo wa sindano unaweza kusoma mwenyewe. Stendi ya pembeni ikiwa chini, injini ikiwa kwenye mwendo wa chini, hesabu taa inavyopepesa: ndefu ni kumi, fupi ni moja. Fupi 7 ni sensa ya joto la maji, 8 ni sensa ya gesi, 9 ni sensa ya joto la hewa, ndefu moja na fupi mbili ni sindano ya kwanza. Mara nyingi sensa ni nzima, soketi yake ndiyo ina kutu.

Tapeti (kurekebisha nafasi za vali) msimpe kila mtu. Bodaboda inarekebishwa kwa skrubu na nati, hizi nyingi zina shimu (kidonge cha chuma chenye unene maalumu) chini ya kikombe. Anayetaka kukaza "skrubu ya tapeti" kwenye injini ya R6 hajawahi kuifungua. Zinapimwa injini ikiwa ya baridi kabisa, na ukaguzi wake ni wa kilomita nyingi: Ninja 300 ni 24,000.

#23 Mtoto_wa_Mikindani

Mwisho wakuu: nikiagiza pedi Kariakoo nitaje nini? Wananiletea zisizoingia.

#24 Bahari_Hindi

Usitaje jina la pikipiki peke yake, umbo hubadilika mwaka hadi mwaka. Toa pedi ya zamani, iweke juu ya karatasi ya miraba pamoja na rula, piga picha pande zote mbili, na picha ya namba iliyo mgongoni mwake. Ongeza tarakimu za mwanzo za namba ya fremu, ipo shingoni mwa usukani upande wa kulia. Sema kama ni ya mbele au nyuma, na kwa mbele agiza seti mbili kama kalipa ni mbili. Lipa baada ya wao kukutumia picha ya mpya ikiwa imewekwa kwenye karatasi ya aina hiyohiyo. Kifurushi kikija na basi, kifungue palepale ofisini kabla hujasaini.

#25 Mtoto_wa_Mikindani

Namba ya mgongoni imeshafutika, inaonekana FA na tarakimu moja tu.

#26 Bahari_Hindi

Basi tuma picha yenye rula, na upime unene wa bamba la chuma bila pedi. Picha iweke hapa, nitakutajia.